Nani Aiandaaye Sikukuu?



Kwa muda wa majuma manne Kanisa hungojea, na kwa muda huo huo nyumba zetu hazingojei hata kidogo, hukimbia. Nawaandikieni kutoka upande wa Kilimanjaro, ambako mwezi wa Desemba watoto wetu waliotawanyika Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na kwingineko hurudi kwa wazee wao. Kila mtu ayajua matengenezo ya siku hizi. Lakini kwa kuwa twayajua sana, twaacha kuyatazama; nami leo nataka tuyatazame, maana ndani yake limo swali lisilo dogo: yule aiandaaye sikukuu, je, sikukuu ni yake pia? Au yeye ni kama kuni, ambazo wengine huota moto wake?

Tazameni siku moja tu, Jumamosi iliyo kabla ya Jumapili ya tatu ya Majilio. Mama wa nyumba huamka kabla ya alfajiri kwa sababu ya ng'ombe, maana ng'ombe wetu hukaa zizini, wala hali asipoletewa majani. Akiisha kurudi na mzigo wake kichwani, huenda migombani kuchagua mikungu: huu wa mshare ubaki kwa mtori, ule ukatwe sasa upate kuiva. Kisha mahindi yapelekwe mashineni yasagwe. Kisha kwa fundi wa cherehani kuuliza nguo za wajukuu, naye fundi atamwambia aje Jumatatu, kama alivyomwambia juma lililopita. Kisha kwa wakala, kutoa fedha alizotumiwa na mwanawe kwa simu. Na sokoni, kununua mchele, mafuta na vitunguu, na ulezi pia kama ni nyumba ya ulezi. (Habari ya mbege siiandiki leo, yataka ukurasa wake.) Njiani hukumbuka sufuria yake kubwa iliyokwenda kwa jirani wakati wa msiba, ikabaki huko, hupita kuiulizia kwa maneno ya upole, maana sufuria ni ya siku moja na jirani ni wa siku zote. Alasiri ni zamu yake ya kufagia kanisa. Jioni hupalilia makaburi ya wazee yaliyomo kihambani, ili watoto wakija wasikute magugu. Akiisha kupika chakula cha usiku na kuosha vyombo, ndipo aketipo, na mtu akimwuliza, "Mama, leo umefanya nini?" hujibu, "Sikufanya kitu. Nilikuwa nazunguka tu."

Jibu hilo lanisumbua kuliko maswali mengi niliyosoma katika vitabu vya chuo. Mtu afanyaje kazi tangu giza hata giza, kisha aseme kwamba hakufanya kitu, naye si mwongo?

Sisemi kwamba wanaume hawana kazi katika sikukuu. Wanayo. Huenda kumtafuta mbuzi au ng'ombe, hupatana bei, huchinja, hugawanya nyama kwa taratibu za ukoo, kila mtu na fungu lake, na asiyepewa fungu lake hukumbuka mwaka mzima. Kazi hiyo ni ya heshima, wala haitaki mchezo. Lakini angalieni tofauti. Kazi ya mume katika sikukuu ina mwanzo na mwisho, tena ina watazamaji, watu husimama wakasema, "Fulani amechinja dume zuri." Kazi ya mama haina mwisho unaoonekana, kwa sababu mwisho wake huliwa, au huchafuka tena. Sakafu iliyopigwa deki haisimuliwi na mtu; sakafu chafu husimuliwa.

Sasa sisi Walutheri tunalo fundisho juu ya jambo hili, nalo ni zuri. Katika mwaka 1520 Martin Luther, alipoandika juu ya utekwa wa Babeli wa Kanisa, alifundisha kwamba kazi za watawa na makasisi, hata zikiwa takatifu namna gani, mbele ya Mungu hazizidi kazi ya mkulima shambani wala ya mwanamke nyumbani mwake, kwa kuwa Mungu hupima vyote kwa imani. Miaka miwili baadaye, alipoandika juu ya maisha ya ndoa, alimtaja baba afuaye nepi za mtoto wake: watu humcheka na kumwita mjinga, lakini Mungu pamoja na malaika hufurahi kwa ajili yake. Fundisho hili liliwainua watu wengi. Lilimwambia mtumishi wa jikoni kwamba hana haja ya kukimbilia nyumba ya watawa ili amtumikie Mungu. Ufagio wake ni wito wake.

Nami nimelihubiri, tena kwa furaha. Hata hivyo nauliza: fundisho hili, likitoka kinywani mwa mtu aliyeketi, na kumwingia masikioni mtu aliyesimama na mzigo, hufanya kazi gani? Kumwambia mchukuzi kwamba mzigo wake ni mtakatifu ni kweli. Lakini sifa ni nyepesi kuliko ndoo ya maji, nasi twapenda kuitoa kwa sababu haituchoshi mabega. Yule baba wa mwaka 1522 hakusifiwa kwa kuwa alimsifu mkewe afuaye nepi. Alizifua mwenyewe. Neno hili mara nyingi twalipita upesi.

Kumbukeni pia nyumba ya Luther mwenyewe kule Wittenberg. Alimwoa Katharina von Bora mwaka 1525, wakakaa katika jengo lililokuwa zamani nyumba ya watawa. Mama huyu alilima bustani, akafuga wanyama, akapika pombe ya nyumbani, akasimamia wanafunzi na wageni waliokaa na kula kwake, hata mumewe akamwita kwa mzaha wa upendo bwana wake. Wanafunzi wale waliketi mezani wakayaandika maneno ya mwalimu wao wakati wa kula, nayo yakachapwa kitabu mwaka 1566. Maneno ya mume yamejaa humo. Ya mke yamo machache. Siwalaumu wanafunzi, walikuja kwa ajili ya mwalimu. Lakini katika meza ile palikuwa na mtu aliyehakikisha kwamba pana meza.

Wengine watanijibu kwa habari ya Martha na Mariamu katika Injili ya Luka, sura ya kumi. Watasema, Bwana alikwisha kuamua: aliyeketi ndiye aliyechagua vema, basi mama na aache sufuria aje kuketi. Ndugu zangu, tusome polepole. Martha hakulalamika kwa sababu kazi ni mbaya. Alilalamika kwamba ameachwa aifanye peke yake. Bwana alimwonya kwa mahangaiko yake, wala hakusema kwamba chakula kisipikwe. Tena katika Yohana, sura ya kumi na mbili, twamkuta Martha yule yule akitumika tena mezani, na safari hii hakuna neno la kumwonya. Kwa hiyo sioni haki ya mhubiri kuwakemea akina Martha Jumapili asubuhi, kisha adhuhuri akaja kwao kula.

Liko fungu jingine katika Luka ambalo silisikii likihubiriwa kwa ajili ya jambo hili, nalo ladai kuhubiriwa. Ilipokaribia Pasaka, Bwana aliwatuma watu waende kuandaa. Aliwatuma nani? Si Mariamu, wala Martha, wala wale wanawake waliomfuata tangu Galilaya. Aliwatuma Petro na Yohana. Wakauliza mahali, wakapewa dalili: wakiingia mjini watakutana na mwanamume anayechukua mtungi wa maji, wamfuate. Hiyo ilikuwa dalili njema, kwa kuwa katika nchi ile kuteka maji ilikuwa kazi ya wanawake. Mwanamume mwenye mtungi alionekana mara moja. Basi nguzo mbili za Kanisa walikwenda kufanya kazi za nyumbani, na kiongozi wao njiani alikuwa mwanamume aliyebeba maji. Chakula walichokiandaa siku ile ndicho tunachokiita hata leo Meza ya Bwana. Na kama hilo halitoshi, someni mwisho wa Yohana: Bwana aliyefufuka amekaa ufukoni kando ya moto wa makaa, samaki na mkate viko tayari, naye awaita wavuvi waje wale.

Mtu aweza kusema, desturi zetu si desturi za Wayahudi. Kwetu jiko ni mahali pa mama, na mume akiingia humo hujishusha. Desturi naiheshimu. Lakini mapadre na wachungaji wetu wa kwanza waliyaacha mambo mengi ya desturi yaliyokuwa mazito kuliko ndoo, na hawakufa kwa aibu. Tena wazee wetu walichimba mifereji ya maji kutoka milimani na kuitunza kwa zamu. Maji ya shamba hayakuwa aibu kwa mwanamume. Sijui kwa nini maji ya kuoshea vyombo yawe aibu.

Jibu lililo gumu zaidi ni la akina mama wenyewe. Ukiingia kusaidia, husema, "Acha, baba, utaniharibia." Nao wana haki. Mama aliyepika mtori miaka arobaini hana haja ya mwanafunzi siku ya Noeli. Kazi ile ni furaha yake na fahari yake. Kumnyang'anya kwa jina la huruma ni kumdharau. Hapa sharti tutofautishe. Sisemi mwiko utoke mkononi mwake. Nasema kuni zipasuliwe na mtu mwingine, maji yaletwe na mwingine, majani ya ng'ombe yakatwe na wale vijana waliokuja kutoka mjini na simu zao mkononi, ambao hulala hata saa nne mchana kwa kuwa wako likizoni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; na hawa wala si wageni, ni watoto wa nyumba. Nao walio wengi wangefanya wakiambiwa. Hatuwaambii, kwa kuwa twaona fahari kuwafanya wageni.

Nami nisimsahau mmoja ambaye hatajwi katika barua wala katika sala za nyumbani: msichana wa kazi. Katika nyumba nyingi za Wakristo, mjini na shambani, yuko msichana aliyetoka mbali, na kwao nako kuna mama anayemngojea. Juma la Noeli ndilo juma ambalo kazi yake huzidi, maana wageni wamezidi. Someni Kumbukumbu la Torati, sura ya kumi na sita. Hapo Mungu aagiza jinsi Israeli itakavyofurahi katika sikukuu zake, na kuwataja watakaofurahi: wewe, mwanao, binti yako, mtumwa wako na mjakazi wako, Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Angalieni mahali alipotajwa mjakazi. Hakutajwa katika hesabu ya wale watakaoandaa. Ametajwa katika hesabu ya wale watakaofurahi. Sheria haikutosheka na kusema atendewe vema. Ilisema furaha ile ni yake pia. Na hata katika ulimwengu wa leo, mkutano wa Shirika la Kazi la Kimataifa huko Geneva mwaka 2011 ulipitisha mapatano ya namba 189 juu ya watumishi wa nyumbani, na ndani yake imo pumziko la kila juma lisilopungua saa ishirini na nne mfululizo. Wasiomtaja Musa wamefika karibu na Musa. Sisi tumsomaye tuko wapi?

Basi nawaomba walimu na wazee wa mitaa waangalie jambo moja asubuhi ya tarehe 25 Desemba. Kanisa litajaa, vijana wenye nguo mpya watasimama hata nje madirishani. Watazameni waliopo, kisha ulizeni ni akina mama gani wa mtaa hawapo, na wasichana gani. Wengine watakuwa wagonjwa. Walio wengi watakuwa nyuma ya moshi, wakiwapikia wale wanaoimba.

Katika sharika nyingine husemwa kwamba ibada ya usiku wa tarehe 24 yawatosha hao. Huenda. Ila usiku ule ndio wa kumenya ndizi, na ndizi za watu ishirini hazimenywi kwa mikono miwili na mtu akawahi kengele. Mikono ikiwa kumi, yawezekana. Mashemasi wa mtaa wakitaka kuipanga zamu ya nyumba kwa nyumba, waianze mapema, kabla ya Jumapili ya nne, maana baada ya hapo mabasi yamekwisha kufika, na kila nyumba ina kelele zake.