Jawabu la Mwenye Kutaka Upolisi

Ametujia kijana katika darsa yetu hapa Magogoni, baada ya sala ya Isha, na swali ambalo twaona si lake peke yake. Ataka kuandikwa askari polisi. Mbio aziweza, kimo anacho, vyeti vya shule viko, na meno yake ni kamili. Linalomtaabisha ni maneno. Ameambiwa kuwa huenda akaulizwa: Utafanyaje ukimkuta ndugu yako katika uhalifu? Utafanyaje ukimwona mwenzako apokea chai barabarani? Utafanyaje mkubwa wako akikuamuru jambo lisilo la haki? Na rafiki zake wamekwisha kumfundisha majawabu: nitamkamata ndugu yangu, nitamshtaki mwenzangu kwa mkubwa, nitafuata sheria. Ayaseme kifua mbele, kisha ayasahau. Kijana atuuliza: Je, ni uongo kutoa jawabu ambalo kila mtu hulitoa na hapana anayekusudia kulitenda?

Tungeweza kumjibu kwa neno moja, naam ni uongo, tukafunga kitabu. Lakini swali lake lataka zaidi ya hilo, kwani watu wetu wa pwani wamezoea kuutaja upolisi kama kwamba si kazi ya Mwislamu. Tunawajua wanaosema hivyo na hatuwalaumu upesi. Ni nani aliyesahau Februari 2014, askari walipouvamia Msikiti Musa pale Majengo? Au Agosti ya mwaka huo huo, Kwekwe Mwandaza, binti wa miaka 14, alipopigwa risasi akafa nyumbani kwao Kinango na askari waliokuja kumsaka mtu mwingine? Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa iliwatia hatiani askari wawili kwa kifo chake na kuwafunga miaka 7.

Hata hivyo, vijana wenye mapanga walipowahangaisha watu wa Kisauni, wakakata kila waliyemkuta njiani, hao hao wasemao kuwa upolisi ni haramu ndio waliouliza kwa ukali: Polisi wako wapi? Haiwi kututaka tuitake kazi ifanywe, kisha tuwachukie wana wetu wakiifanya. Kumzuia dhalimu ni jambo la sharia, na mwenye kulipwa mshahara kwa ajili yake ashika amana.

Basi na tuyatazame maswali. Katika vitabu imesimuliwa kuwa Mtume wetu (S.A.W.) alipomtuma Muadh bin Jabal kwenda Yemen alimuuliza kwanza atahukumu kwa nini. Akajibu kuwa ni kwa Kitabu cha Mwenyezi Mungu. Akamuuliza: na usipokuta humo? Akasema: kwa Sunna ya Mtume wake. Na usipokuta? Akasema atajitahidi kwa rai yake wala hatazembea. Wako wanavyuoni waliodhoofisha isnadi ya hadithi hii, na hatutaki kulificha hilo. Lakini maulamaa wengi wameitumia, na mafunzo yake ni dhahiri. Muulizaji hakuishia kwenye jawabu la kwanza. Alimsukuma mtu wake mpaka mahali ambapo kilichohifadhiwa chamalizika na akili yake mwenyewe yaanza. Kijana aliyekariri hana cha kusema akifika hapo.

Ama swali la ndugu. Qur'ani yatuamuru tusimame na haki hata ikiwa ni juu ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Kwa hiyo kumficha ndugu hakuna njia. Lakini hilo "nitamkamata" latoka upesi mno kinywani. Mafakihi wengi hawakumruhusu kadhi kumhukumia baba yake wala mwanawe, si kwa kuwa kadhi ni mwovu, bali kwa kuwa moyo una mwelekeo. Askari wa Magogoni aliyenyonya ziwa moja na mtuhumiwa aweza kumpendelea. Aweza pia kumpiga zaidi ya wengine ili aonekane hapendelei, na hiyo nayo ni dhulma. Jawabu la kweli twaona ni hili: Sitamficha, nitalieleza nilijualo, na nitaomba kesi yake ishikwe na mwingine.

Swali la chai lina uzito zaidi. Mtume (S.A.W.) alimtuma mtu, Ibn al-Lutbiyya, kukusanya zaka. Aliporudi aligawa mali mafungu mawili: hili lenu, na hili nimepewa zawadi. Mtume akapanda mimbari akauliza kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama angeletewa zawadi. Hatujui maneno yaliyo karibu zaidi na matatu iliyosimamishwa barabara ya Malindi kuliko hayo. Ile noti haikumfuata mtu; imeifuata sare.

Lakini je, kumshtaki mwenzako kwa mkubwa kwatosha? Serikali ilipoanza kuwachuja polisi mwishoni mwa mwaka 2013, chini ya Tume ya Huduma ya Taifa ya Polisi, maafisa waliulizwa juu ya mali zao, na baadaye askari wa barabarani wakatakiwa waeleze fedha zilizopita katika M-Pesa zao. Ikadhihirika kuwa fedha nyingine zilikuwa zapanda kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa. Basi huyo atakayemshtaki mwenzake kwa mkubwa na afikiri kwanza mkubwa huyo ni nani. Kwa ajili hiyo imewekwa kwa sheria ya mwaka 2011 mamlaka ya kuwasimamia polisi iliyo nje ya amri yao, iitwayo IPOA. Mwenye kuitaja mbele ya wanaomhoji atajulikana kuwa amelifikiri jambo hili.

Na amri isiyo ya haki? Bukhari na Muslim wamepokea habari za kikosi kilichowekewa mkubwa katika Ansari. Mkubwa akakasirika, akawaamuru wawashe moto, kisha akawaambia wauingie. Wakasitasita, wakasema walimkimbilia Mtume ili waokoke na moto. Hasira ikamtoka na moto ukazimika. Mtume aliposikia alisema kuwa lau wangeuingia wasingetoka, na kwamba utiifu ni katika jema tu. Sheria ya polisi ya Kenya yenyewe, katika jedwali lake la sita lihusulo matumizi ya nguvu, yasema kuwa amri ya mkubwa si udhuru kwa aliyetumia nguvu kinyume cha sheria. Kwa hivyo kijana wetu akisema "hiyo sitaitii" hasemi maneno ya uasi. Asema yaliyo katika sheria atakayoapa kuifuata.

Tulipofika hapo kijana aliuliza kwa sauti ndogo: Na ikiwa nakusudia hivyo leo, na siku ya siku nikaogopa? Swali hili lilitupendeza kuliko yote. Maulamaa walipoieleza alama ya mnafiki ya kuvunja ahadi, wengi walisema ni yule aliyeahidi ilhali moyoni amekwisha kuazimia kutotimiza. Aliyekusudia kweli kisha akashindwa ana kosa lake, ama mnafiki si yeye. Abu Dharr alipoomba uongozi Mtume alimwambia kuwa yeye ni dhaifu na jambo hilo ni amana, na Nabii Yusuf (A.S.) aliomba mwenyewe kuwekwa juu ya khazina, akaitaja sifa yake ya kuhifadhi na kujua. Kila mmoja na ajitazame yu wapi kati ya wawili hao kabla ya kupanga foleni uwanjani.

Yote hayo kijana aliyauliza. Lililobaki hakuliuliza yeye. Alilitoa baba yake, aliyekuwa ameketi nyuma kimya. Amejiwa na dalali asemaye kuwa ajuana na wakubwa, na ametajiwa bei. Baba ana kiwanja, naye afikiri kukiuza. Akatukumbusha kuwa wako maulamaa walioruhusu mtu kutoa mali ili aipate haki yake iliyozuiwa, dhambi ikawa juu ya mpokeaji.

Ni kweli wako. Lakini walisema haki yake. Nafasi ya upolisi si haki ya mtu mpaka achaguliwe, na katika kila nafasi iliyonunuliwa kuna mwana wa mtu mwingine, pengine wa hapa hapa Mishomoroni, aliyekimbia vizuri akarudishwa nyumbani. Julai 2014 waliandikwa watu wapatao 10,000; ufisadi ukawa mwingi hata IPOA ikaenda mahakamani, na Oktoba ya mwaka huo Mahakama Kuu ikabatilisha zoezi zima. Waliolipa na wasiolipa wakapata hasara pamoja. Tena tumuulize baba hesabu nyepesi: fedha za kiwanja zitarudi vipi kwa mshahara wa askari mdogo? Yule matatu tuliyemtaja ndiye atakayezilipa. Na siku kijana akiulizwa mezani atafanya nini akimwona mla rushwa, atakuwa amekwisha kujibu kabla ya kuingia, na kila neno zuri tulilomfundisha litakuwa uongo kinywani mwake.

Baba mtu hakutujibu usiku ule. Alisema atazungumza kwanza na mamake kijana, kwa kuwa kiwanja ni cha wote wawili.