Koti la Sadaka Sokoni

Baridi ya Nainokanoka, huko juu Ngorongoro, yadai koti. Makoti ya mitumba yauzwayo nchini, mengi yalitolewa sadaka Ulaya, kisha yakauzwa kwa marobota. Je, kuuza kilichokuwa sadaka ni dhambi? Hasha! Mchuuzi amelinunua robota asijue lililomo, akaubeba mzigo hadi mlimani. Jasho lake lina haki ya malipo. Lakini kuficha tundu la kwapani, au kupandisha bei kwa kuwa mtoto wa mnunuzi anatetemeka, huo ni wizi. Bwana wetu alijihesabu pamoja na walio uchi. Basi, mchuuzi Mkristo, pata faida ya haki. Na katika kila robota umvike yatima mmoja bure. Hapo sadaka itakuwa imefika.