"Nimeshalipa": Je, Neno Hili Linatosha?

Kila likizo ndefu ikikaribia, mjadala hapa chuoni ni ule ule. Wapo wenzetu ambao familia zao sasa zina uwezo wa kwenda Zanzibar kwa siku nne au tano, kuoga baharini na kula hotelini. Na wapo wanaosema hiyo ni israfu tupu, kwamba pesa zile zingemlipia yatima ada ya shule. Naona mjadala huo unapita kando ya jambo lenyewe. Swali zito huanza baada ya familia kufika, mizigo ikashushwa, na mtu akatamka neno ambalo kila mwenye pesa hulitamka: nimeshalipa.

Tuyamalize kwanza ya israfu, maana hayana urefu. Aya ya 31 ya Suratul A'raf inakataza israfu, lakini kabla ya katazo hilo inaamrisha kula na kunywa, na aya inayofuata inamkemea anayejiharamishia riziki nzuri ambazo Mwenyezi Mungu amewatolea waja Wake. Sahaba Handhala (r.a.) alidhani amekuwa mnafiki kwa sababu akirudi kwa mkewe na watoto wake ule unyenyekevu aliokuwa nao mbele ya Mtume (s.a.w.) ulipungua. Akaambiwa kwamba kuna saa ya hili na saa ya lile. Mtume mwenyewe alishindana mbio na Bibi Aisha (r.a.) wakiwa safarini. Baba anayemfundisha binti yake kuelea majini hahitaji kuombewa fatwa. Na huyo anayemtaja yatima kila akisikia habari ya Zanzibar, tumuulize kwa upole bei ya simu aliyoshika.

Sasa turudi kwenye "nimeshalipa". Neno hili lina ukweli ndani yake. Katika sheria yetu, bei ikilipwa na bidhaa ikapokelewa, deni la biashara limekwisha. Mwenye hoteli hanidai na mimi simdai. Lakini anayelitamka huwa hamaanishi hilo tu. Humaanisha kwamba kwa siku zile nne hakuna mtu mwingine yeyote pale kisiwani mwenye haki juu yake. Hapo ndipo ninapokataa.

Fiqhi haijawahi kuyachukulia mauziano kuwa siri ya watu wawili. Tazama mlango wa shufaa: mtu akitaka kuuza sehemu yake katika ardhi ya ushirika, mshirika mwenziwe ana haki ya kuichukua yeye kwa bei ile ile, hata kama mnunuzi wa nje ameshakubaliana na muuzaji. Wanachuoni wamehitilafiana kama haki hiyo inamfikia na jirani asiye mshirika. Wahanafi wanasema inamfikia, Mashafii wanasema haimfikii. Lakini msingi hawakuugombania: yupo mtu wa tatu, hakutia saini popote, na bado anahesabiwa.

Ni nani huyo wa tatu kwa familia iliyo likizoni? Aya ya 36 ya Suratun Nisaa inawataja jirani wa karibu, jirani wa mbali, mwenzi wa ubavuni na msafiri. Wafasiri wengi wanamhesabu mwenzi wa safari kuwa miongoni mwa hao wenzi wa ubavuni. Ukiisoma ukiwa Paje au Nungwi utajiona ndani yake mara mbili. Wewe ni msafiri, kwa hiyo unadai haki kwa wenyeji. Na papo hapo umezungukwa na majirani wa siku nne, nao wanakudai. Aya haikuweka muda wa chini wa ujirani.

Chukua sahani ya pweza wa nazi. Katika vijiji vya mashariki ya Unguja maji yakipwa huenda mbali sana, na wanawake hutembea juu ya mwamba na vijiti wakichokoa mashimo ya pweza. Vipo vijiji vya Unguja na Pemba ambavyo hukubaliana kuufunga mwamba kwa miezi kadhaa, asiguse mtu, ili pweza akue. Huo ni mfungo wa kijiji kizima. Pweza huyo akivuliwa ananunuliwa na wenye hoteli, ambao bei yao mpishi wa nyumba ya kawaida haiwezi. Halafu anaagizwa na kijana wa Kigali ambaye hajawahi kumla, anatafuna vipande viwili, anakunja uso na kuisukuma sahani pembeni. Ukimwambia kitu atakujibu kwamba imelipiwa. Kweli imelipiwa. Lakini ile miezi ya kusubiri haikuwamo ndani ya bili.

Kuna Hadithi katika Bukhari kuhusu mtumishi anayekuletea chakula: kama hukumkalisha kula pamoja nawe, basi mpe walau tonge moja au mawili. Sababu imetajwa ndani ya Hadithi yenyewe, nayo ni kwamba yeye ndiye aliyevumilia joto la kukipika na taabu ya kukiandaa. Wanaosoma usuli wanajua umuhimu wa sababu kutajwa. Haikusemwa apewe kwa kuwa hana mshahara, wala kwa kuwa ni maskini. Ni kwa sababu ya joto lile. Na joto la jikoni halipoi kwa kuwa mwisho wa mwezi mpishi atapokea mshahara. Atakuja mtu aseme mhudumu wa hoteli si mtumishi wangu, ni wa tajiri wake. Sawa. Lakini chakula kile hakumpikia tajiri wake.

Bila shaka hakuna anayedai umtie mhudumu tonge mdomoni, maana atafukuzwa kazi kabla hajameza. Haki yake inapata sura nyingine. Kwenye bufee, kwa mfano, watu wazima hujaza sahani kama wanaohama nchi, na nusu yake huachwa mezani. Chakula kilichokwisha kuguswa hakirudi jikoni kumlisha mtu, kinaishia pipani, na anayekibeba kwenda pipani ni yule yule aliyesimama motoni tangu alfajiri. Sunna ya kuisafisha sahani, ambayo baadhi yetu tunaiona ya kizamani, ilifundishwa kwa sababu hujui baraka ya chakula imo katika sehemu ipi. Mimi naiongezea faida hii ya pembeni: inamwokoa mtu asibebe takataka za jasho lake mwenyewe.

Jambo la Maghrib ni gumu zaidi. Wageni hupenda kula jua likizama, picha zinatoka vizuri. Karibu watu wote wa Zanzibar ni Waislamu, na wengi wa wanaohudumu mezani ni Waislamu. Kwa hiyo familia ya Kiislamu inaagiza chakula saa kumi na mbili na nusu, inainuka kwenda kuswali jamaa kwenye kona ya bustani, na kijana aliyebaki kulinda mishikaki isipoe ni ndugu yao katika dini. Nilipokwenda na familia yangu, siku ya pili baba yangu alimuuliza meneja kama tunaweza kula saa moja na nusu na wahudumu wa meza yetu wakapata nafasi ya kuswali. Meneja alikubali mara moja, akashangaa kwamba hajawahi kuulizwa. Ami yangu hakupendezwa. Alisema ibada ya mfanyakazi ni kati yake na mwajiri wake, na mgeni akijiingiza anamfichua kijana mbele ya mkubwa wake. Ami ana hoja. Baba hakumtaja mtu kwa jina, alibadilisha saa ya chakula chetu tu, na kwangu hiyo ndiyo tofauti kati ya kumtetea mtu na kumwonyesha kidole. Lakini sitasema hoja ya ami imekwisha.

Ufukweni nako kuna watu wa tatu, na huko wanaonekana kwa macho. Kilimo cha mwani kilianza kibiashara Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, katika vijiji kama Paje na Jambiani, na wakulima wake wengi ni wanawake. Wanapigilia vigingi mchangani, wanafunga kamba, wananing'iniza vipande vya mwani, na huvuna maji yanapokupwa sana wakati wa bamvua. Kalenda yao ni mwezi. Kalenda ya mgeni ni tiketi ya ndege. Vikikutana, mgeni anaona vigingi vinamharibia picha na kamba zinamzuia mtoto kukimbia. Katika hoteli moja niliona mlinzi akiwazungusha wanawake waliokuwa wamebeba magunia ya mwani mbichi wapite nje ya mstari wa viti, kwenye mchanga laini ambao miguu huzama, ili wageni wasisumbuliwe. Hakuna mgeni aliyeomba hivyo. Lakini ilifanywa kwa jina letu, na kwa pesa yetu.

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 ardhi yote ya Zanzibar ilitangazwa kuwa mali ya umma, na mwekezaji hukodishwa. Hoteli ina mkataba, haina bahari. Na Hadithi katika Abu Daud inawafanya Waislamu kuwa washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Sisemi kwamba mwani ule ni wa kila mtu. Umepandwa, una mwenyewe, na anayeng'oa kigingi kwa mchezo amemharibia mtu shamba. Ninachosema ni kwamba njia ya kuufikia na maji yaliyouzunguka ni mambo ya ushirika. Mshirika haombi ruhusa kwa mpangaji kupita penye ushirika wake. Kiti cha kitambaa na mwavuli ulivyokodi ni vyako hadi jioni. Mchanga ulio mbele yake si wako hata dakika moja.

Na maji yenyewe, hasa yale ya kunywa, yanatisha zaidi kuliko mchanga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 na shirika la Tourism Concern la Uingereza ulikuta kwamba katika vijiji vya utalii vya Zanzibar chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano kilitumia wastani wa lita 3,195 kwa siku, na kaya ya wenyeji ilitumia lita 93 hivi. Kaya, si mtu mmoja. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja, ambayo haifiki lita. Familia inayojivunia kwamba likizoni haikukosa swala hata moja inaweza kuwa imetawadha, ikaoga mara nne kwa siku na kubadilisha taulo kila asubuhi kwa maji ambayo jirani ng'ambo ya ukuta alikuwa anayasubiri na ndoo.

Nimekwisha kuisikia hoja ya upande wa pili, na ina nguvu: hoteli zinaajiri, zinalipa kodi, na bila wageni vijana wangapi wangekaa barazani? Naikubali yote. Ndiyo maana siwaambii watu wasiende. Lakini faida niliyomletea mtu haiondoi dhara niliyomfanyia. Mtu akikulipia ada ya chuo hapati kwa hilo ruhusa ya kukukanyaga mguu.

Sisi wa Rwanda tusijifanye hatuelewi upande wa mwenyeji. Anayekwenda Gisenyi jioni amewaona wavuvi wa sambaza wakitoka Ziwa Kivu na mitumbwi yao iliyounganishwa mitatu mitatu, wakiimba ili makasia yaende pamoja. Na amewaona wageni kwenye ufuko wakiwapiga picha huku wakila sambaza wale wale. Hata Biryogo, tangu barabara zilipofungwa kwa magari na meza za chai kutoka nje, yapo maswali kama haya kati ya anayekaa mezani na anayeishi juu ya meza hiyo. Tunajua inavyokuwa mtu anapoyageuza maisha yako kuwa mandhari.

Siku ya mwisho mama yangu alimuuliza mmoja wa wale wanawake maji yatajaa saa ngapi. Swali hilo tu lilizaa mazungumzo ya nusu saa, na mwisho mama akanunua vipande sita vya sabuni ya mwani. Bei iliyotajwa aliilipa bila kupatana. Dada yangu alimlaumu njia nzima hadi bandarini. Alisema kutopatana ni sadaka iliyovikwa nguo za biashara, na yule mama hakuomba sadaka, aliuza sabuni. Mama alimjibu kwamba kesho yake ni bamvua, yule mwanamke atakuwa majini kabla ya jua kuchomoza, na yeye hakuona sababu ya kumchelewesha kwa ajili ya shilingi mia tano. Tumerudi Kigali, sabuni zimekwisha, na hao wawili hawajapatana bado.