Dhamana ya Fundi wa Hospitali



Mtume wetu (S.A.W.) amehukumu ya kuwa mtu ajifanyaye tabibu, hali hajulikani kwa utabibu, akimdhuru mgonjwa basi dhamana ni juu yake. Maulamaa wameieleza sana hukumu hii. Lakini siku hizi mgonjwa hulazwa chini ya mashine ambayo tabibu mwenyewe hajui imeundwaje, na roho yake i mikononi mwa fundi asiyemwona. Je, fundi huyo hana dhamana?

Tazameni habari ya Therac-25, mashine iliyoundwa Kanada kwa kutibu saratani kwa mionzi. Zilizoitangulia zilikuwa na vizuizi vyao wenyewe vya kuikomesha mionzi isizidi. Katika hii waundaji waliviondoa, wakaitegemea programu ya kompyuta. Tangu Juni 1985 hata Januari 1987 wagonjwa sita, wa Kanada na Marekani, walipigwa na mionzi kupita kiasi, na kwa uchache watatu wakafa kwa ajili yake.

Kukosa ni tabia ya binadamu. Lililo zito ni jawabu waliyoitoa. Mgonjwa wa mji wa Tyler, Texas, alipoumia Machi 1986, mafundi wa kampuni waliipima mashine, wasilione kosa, na mhandisi wao akasema haiwezekani mashine hii kuzidisha mionzi. Haiwezekani! Ikarudishwa kazini Aprili 7. Siku ya nne ikamwunguza mwingine, naye akafa Mei 1.

Hapo Fritz Hager, mwanafizikia wa hospitali ile, aliisimamisha mashine, akaketi na mwendeshaji wake, wakairudia kazi ile tena na tena mpaka kosa likajitokeza: lilikuja pale mwendeshaji aliposahihisha maandishi yake kwa haraka. Sisi twaisoma ihsani darasani. Huyu aliifanya kwa vidole vyake.

Neno «haiwezekani» ni ushahidi, na sahihi chini ya karatasi ya ukaguzi ni ushahidi vilevile. Atiaye sahihi kwa chombo asichokipima ameshuhudia uwongo, hata kama chombo ni kizima na hakuna aliyedhurika.

Basi kijana wetu aliye katika kazi hii, akiamrishwa na mkubwa wake atie sahihi bila ya kupima, na akatae, akuandike kukataa kwake pamoja na tarehe. Nanyi wazee wake, akirejea nyumbani hana kazi kwa sababu hiyo, msimwambie amefanya ujinga.