Aliye Karibu na Gofu

Jina la Benaco, wilayani Ngara, si la Kihangaza wala la Kishubi. Ni jina la kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi iliyowahi kupiga kambi pale. Kampuni ilifunga mizigo ikaenda zake, jina likabaki kwa wenyeji, na mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao robo milioni walipovuka Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi, jina hilo likatangazwa dunia nzima kama jina la kambi ya wakimbizi. Jina peke yake halimdhuru mtu. Lakini wafanyabiashara hawaachi majina tu. Katika ukanda wetu huu wa dhahabu na pamba wanaacha vati za saruji za plenti ambamo marudio, yaani mabaki ya mawe ya dhahabu yaliyosagwa, yalichenjuliwa kwa sianidi, ghala lililowahi kutunza viuatilifu, karakana iliyomwaga oili chafu miaka na miaka, au sheli ambayo pampu zake zimeng'olewa huku matangi yakiwa bado chini ya ardhi. Mlango una kufuli lenye kutu, popo wameingia darini, mbuzi wanalala kivulini, na watoto wamepata uwanja wa kuchezea. Majirani hupita mbele ya gofu la namna hiyo na maswali mawili: je, pana sumu? Na kama ipo, ni kazi ya nani kuiondoa?

Jibu la haraka la swali la pili ni kwamba aliyechafua ndiye asafishe. Ni jibu sahihi, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeliweka miongoni mwa misingi yake. Shida ni kwamba linamhitaji mtu ambaye hayupo. Kampuni imefilisika, au mmiliki amefariki na warithi wanavutana mahakamani, au hati ya kiwanja iko benki kama dhamana ya mkopo ambao haukulipwa. Swali la kwanza nalo halijajibiwa, kwa kuwa hakuna aliyepima. Basi mwenyewe hayupo, na uhakika haupo. Wengi huona kwamba hapo jirani hana deni lolote: hakuchafua, hajui, aendelee na shughuli zake. Mimi nasema deni analo, tena ni deni mbele ya Mungu, ila si deni la hatia wala la fedha. Ni deni la kujua. Aliye karibu anadaiwa kutafuta kujua kilichomo, kuwazuia watu wasikifikie kabla hakijajulikana, na kumwandama mwenye kulipa mpaka alipe.

Sura ya 14 ya kitabu cha Mambo ya Walawi ina sheria ambayo wahubiri wengi huiruka, labda kwa sababu inahusu kuta. Nyumba imeota madoa ya kijani au mekundu yaliyozama ndani ya ukuta. Mwenye nyumba anakwenda kwa kuhani, na hapo andiko linachagua maneno kwa uangalifu mkubwa: hasemi kwamba nyumba ina pigo, anasema anaona kitu mfano wa pigo. Marabi walioikusanya Mishna, yapata mwaka 200, walilishika neno hilo wakafundisha kwamba hata msomi anayejua vizuri anachokiona lazima aseme vivyo hivyo. Shaka inatosha kumwita mpimaji. Kutoa hukumu ni jambo jingine. Kisha kuhani, kabla hajaingia kutazama, anaagiza vyombo vyote vitolewe nje, visije vikahesabiwa najisi pamoja na nyumba. Hapa inafaa kutua kidogo. Sheria iliyo kali kiasi cha kubomoa nyumba inaanza kwa kuokoa sufuria na mkeka wa mwenye nyumba. Baada ya hapo nyumba inafungwa siku 7, kuhani anarudi, anatazama. Doa likiwa limeenea, mawe yaliyoshikwa yanang'olewa na kutupwa nje ya mji, mahali palipotengwa kwa uchafu. Lipu inakwanguliwa, mawe mengine yanawekwa. Doa likirudi, nyumba inabomolewa yote, mawe, miti na udongo wake. Bwana afya wa leo asingekuwa na mengi ya kurekebisha katika utaratibu huo. Hata kifusi kimewekewa mahali pake. Hakuna ruhusa ya kukizoa kwenda kujengea choo cha shule.

Na Mishna inaongeza jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha suala hili lote. Itakuwaje doa likitokea kwenye ukuta ambao nyumba mbili zinauchangia? Marabi walijibu kwamba wenye nyumba wote wawili wanang'oa mawe, wote wawili wanakwangua, wote wawili wanaleta mawe mapya. Lakini lipu analeta mwenye nyumba yenye doa peke yake. Walijua kabisa kwamba jirani anaumia kwa kosa lisilo lake, na walilisema hilo wazi kwa masikitiko, wala hawakumfuta machozi kwa kumwondolea kazi. Walichofanya ni kuigawa kazi. Kuondoa hatari ni kwa wote, maana ukuta ni wa wote. Kurudisha nyumba katika uzuri wake ni gharama ya mwenyewe. Sasa tazama kisima kilicho mteremkoni mwa plenti iliyoachwa, au vumbi linaloinuka pale upepo wa kiangazi unapopiga, au mfereji unaopita nyuma ya ghala kuelekea bondeni kwenye mihogo. Hizo ndizo kuta zetu za pamoja. Hakuna mwenye kiwanja anayeweza kuzimiliki peke yake, na kwa sababu hiyo hakuna jirani anayeweza kusema hazimhusu.

Kumbukumbu la Torati, sura ya 21, inatufikisha hapo hapo kwa njia nyingine. Maiti imekutwa porini na muuaji hajulikani. Wazee na waamuzi wanatoka, wanapima umbali kutoka maiti ilipo hadi miji inayoizunguka, na wazee wa mji ulio karibu zaidi ndio wanaowajibika kumleta mtamba ambaye hajawahi kufungwa nira, kumpeleka kwenye bonde lenye maji yasiyokauka, kunawa mikono, na kutamka kwamba mikono yao haikuimwaga damu ile wala macho yao hayakuona. Kinachoupa mji ule wajibu ni kamba ya kupimia. Ukaribu peke yake umetosha kuwatoa wazee majumbani mwao, na hata kutangaza kutokuwa na hatia ni lazima kufanyike pale pale, hadharani. Na kutamka kwamba macho hayakuona ni jambo zito kuliko linavyosikika. Mzee aliyeona malori yakishusha mapipa usiku hawezi kulitamka.

Mjuzi wa fiqhi anaweza kunipinga hapa, na upinzani wake ndio mzito kuliko yote. Atasema kwamba katika Uislamu yakini haiondolewi kwa shaka. Asili ya ardhi ni tohara. Anayetilia shaka kila ukuta anafungua mlango wa wasiwasi, na wasiwasi ni adui wa ibada na wa ujirani pia. Naikubali kanuni hiyo bila kusita. Ninachouliza ni kipi hapa kilicho yakini na kipi kilicho shaka. Kiwanja kisicho na historia yoyote, yakini yake ni usalama, na mwenye kukizulia sumu anakosea. Lakini mahali ambapo kila mtu kijijini anajua kwamba zebaki ilichomwa au viuatilifu vilirundikwa, yakini yake ni sumu kuwepo, na kinachotiliwa shaka ni kama iliondolewa. Kanuni ile ile basi inamtaka anayedai kwamba pamekuwa salama ndiye alete ushahidi. Na sumu za aina hii haziondoki kwa kusahauliwa. Kule Vikuge, Kibaha, viuatilifu vilivyoletwa kutoka Ugiriki miaka ya 1980, sehemu yake vikiwa vimekwisha muda, viliwekwa kwenye banda ambalo baadaye lilianguka. Miaka mingi baada ya hapo wanakemia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam bado walikuta DDT katika udongo. Nyasi zilikuwa zimeota. Macho hayawezi kuwa shahidi katika jambo kama hilo. Na fiqhi hiyo hiyo inayokataza wasiwasi ndiyo inayosema madhara huondolewa, na hadithi za Mtume zimehesabu kuondoa kinachodhuru njiani kuwa tawi la imani, bila kuuliza nani alikitupa.

Gharama ya kungoja uhakika uletwe na wengine imeonekana Owino Uhuru, Mombasa. Kuanzia 2007 kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi kilifanya kazi ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Phyllis Omido, aliyeajiriwa pale 2009, aligundua kwamba mtoto wake aliyekuwa akinyonya ana risasi katika damu. Watoto wengine wa mtaa huo wakapimwa, na majibu yakafanana. Yeye na majirani zake waliandamana, yeye mwenyewe akakamatwa 2012, na mwanzoni mwa 2014 kiwanda kikafungwa. Wengine wangeona mambo yamekwisha. Lakini watafiti waliopima damu za watoto baada ya hapo, wakilinganisha na watoto wa mtaa mwingine wa Mombasa uitwao Bangladesh, walikuta wastani wa risasi Owino Uhuru ukiwa takriban mara mbili. Na kwa risasi, wataalamu wa afya duniani hawajui kiwango chochote kilicho salama kwa ubongo wa mtoto. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3 na kuamuru eneo lisafishwe. Mahakama ya Rufani ikaitengua fidia hiyo 2023, na tarehe 6 Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Waliobebeshwa mzigo ni pamoja na taasisi za serikali zilizotakiwa kulinda watu. Majirani hawakuamriwa kulipa hata senti. Walifanya kile ambacho Mishna ingekiita kung'oa na kukwangua: walipima, walipiga kelele, walitoa ushahidi. Wasingefanya hivyo, mwenye lipu asingetafutwa na mtu yeyote.

Kuna anayesema kwamba haya ni mafundisho ya watu walioshiba. Mabati ya gofu yanaezeka nyumba, nondo zinauzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu, matofali yanaokoa mama asiye na fedha za saruji. Ukitamka neno sumu, umemnyang'anya maskini na kushusha thamani ya viwanja vya jirani zako. Hoja hii inaniuma, na sitaki kuipita haraka. Ni kweli kwamba hofu ina gharama, na gharama hiyo huanzia kwa asiye na kitu. Lakini kumbuka vyombo vilivyotolewa nje kabla kuhani hajaingia. Kupima mapema ndiko kunakomlinda maskini: bati litakaloonekana safi atalichukua kwa amani, na pipa lenye mabaki ya dawa halitafika jikoni kwake likawa la kutunzia maji. Kinachomnyang'anya ni kutojua, kwa sababu yeye ndiye atakayelala chini ya bati lile na kunywa maji yale, wakati mwenye uwezo amenunua bati jipya dukani. Na thamani ya kiwanja inayosimama juu ya siri ni fedha anayoibiwa mnunuzi, naye kesho ni jirani.

Wapo pia wanaosema serikali ipo. Ipo kweli: lipo baraza la taifa la mazingira, NEMC, na yupo Mkemia Mkuu wa Serikali mwenye maabara hadi Mwanza. Lakini ofisi hizo haziwezi kujua kwamba nyuma ya mnada kuna ghala ambalo hutoa harufu kali mvua ikinyesha, mpaka mwenyekiti wa kijiji aandike barua. Sheria yenyewe ya mazingira, iliyompa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na salama, imempa pia wajibu wa kuyatunza na haki ya kudai. Na anayesema kila kitu ni kadari ya Mungu namrejesha kwa khalifa Umar, aliyekuwa njiani kuelekea Sham aliposikia kwamba kuna tauni. Alishauriana na masahaba kundi baada ya kundi, kisha akageuka. Alipoulizwa kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu, alijibu kwamba anatoka katika kadari moja kwenda katika nyingine. Habari ilikuwa imemfikia, akaitumia.

Kwa gofu lililo kijijini, habari hiyo haiko maabara peke yake. Iko kwa vibarua waliobeba magunia pale, kwa mlinzi aliyejua pipa lipi halikutakiwa kusogelewa, kwa mama lishe aliyewapikia na kuwasikia wakikohoa. Wengi wao sasa ni wazee. Mkutano wa kijiji ungeweza kuwaita wiki hii, kuwauliza nini kiliwekwa wapi na kilimwagwa upande gani, na mtendaji akaandika majibu yao kwenye muhtasari, pamoja na umbali, kwa hatua, kutoka ukutani hadi kisimani.