Usikatae Wito, Kataa Neno

Mtoto wa pwani aliyelelewa vyema akiitwa na mzee wake huitika kwanza, kisha ndipo huuliza aitiwalo. "Labeka," husema, na miguu imeshaanza kwenda. Neno hilo limetokana na "labbayka" ya Kiarabu, ile wanayoitamka mahujaji wakielekea Makka, na ndani yake mna utayari wa mtu asiyejua bado anatakiwa kwa jambo gani. Lakini wahenga hawakuishia kwenye utayari huo. Walinena pia: usikatae wito, kataa neno. Kuitika ni wajibu. Kulipokea kila utakaloambiwa si wajibu. Baina ya mambo hayo mawili pana nafasi, na uhuru wa mtu umo ndani ya nafasi hiyo.

Methali hii hupata uzito zaidi pale mwitaji asipoonekana. Katika Kanisa Katoliki, neno "wito" hutumika kwa kijana anayehisi kwamba Mungu anamtaka awe padre au mtawa. Kijana huyo hakuitwa kwa sauti iliyosikika uani, wala hana shahidi. Anao moyo wake tu, na moyo una mazoea ya kujisemesha na kujijibu. Huenda ameitwa kweli. Huenda anaukimbia umaskini, au ndoa, au aibu asiyoitaja. Huenda ameipenda kanzu nyeupe na heshima impatayo mwenye kuivaa, au anatimiza ndoto ya mama yake. Na lile atakiwalo kuliacha si dogo. Padre wa Kanisa la Kilatini haoi, na mtawa huweka nadhiri ya useja. Katika jamii ambayo mtu hutambulishwa kwa baba na babu, kukubali kufa bila ya kuacha mwana ni jambo zito, khasa kwa aliye mtoto pekee wa kiume. Basi mtu atajuaje kwamba ameitwa? Na akiwa amekosea, kosa lake ni lipi?

Biblia ina kisa kinachofaa kuanzia. Kijana Samweli alikuwa amelala katika hekalu la Shilo, akasikia akiitwa kwa jina. Alidhani ni Eli, kuhani mzee aliyekuwa akimtumikia, akamkimbilia. Eli akamwambia kwamba hakumwita, arudi akalale. Ikawa hivyo mara ya pili. Mara ya tatu Eli akafahamu ni nani aitaye, akamfundisha kijana namna ya kujibu. Aghalabu kisa hiki husimuliwa kwa kumsifu Samweli, na hali lililo zito ndani yake ni mgawanyo wa kazi: aliyesikia hakujua, na aliyejua hakusikia. Sauti haikumfikia mzee hata mara moja. Na kijana, lau angeachwa peke yake, angelikimbilia mlango usio wake usiku kucha. Tena ujumbe wenyewe ulikuwa wa kuanguka kwa nyumba ya Eli. Mzee alimsaidia kijana kuisikia hukumu iliyomwelekea yeye mwenyewe, na kulipopambazuka akamtaka asimfiche hata neno moja.

Waliokuja baadaye hawakuweza siku zote kuwaweka wawili hawa pamoja. Wako waliomtaka Eli bila ya Samweli. Mwaka 391 Agustino alifika Hipo, mji wa Afrika ya Kaskazini ambao leo ni Annaba nchini Algeria. Alikuwa na desturi ya kuiepuka miji isiyokuwa na askofu, akichelea kukamatwa na watu na kutwishwa cheo. Hipo ilikuwa na askofu wake, Valerio, kwa hiyo alikwenda bila ya wasiwasi. Ikasadifu kwamba Valerio alihitaji padre, akalisema jambo hilo mbele ya waumini. Nao wakamshika Agustino wakamsogeza mbele apewe daraja. Agustino alilia. Possidio, rafiki yake aliyeandika habari za maisha yake, anasimulia kuwa baadhi ya waliokuwapo walidhani analia kwa kupewa upadre badala ya uaskofu, wakamliwaza kwa kumwambia kwamba cheo hicho hakiko mbali. Moyo wake haukuulizwa. Alichoweza kuomba baadaye ni muda wa kuyasoma Maandiko kabla ya kuianza kazi.

Wako pia waliomtaka Samweli bila ya Eli. Katika Ufaransa ya karne ya 19 ilienea fikra kwamba wito ni mvuto wa ndani: aliyeuhisi ameitwa, na asiyeuhisi hakuitwa. Mwaka 1909 padre mmoja, Joseph Lahitton, alichapisha kitabu cha kuipinga fikra hiyo, na mjadala ukawa mkali hata ukafika Roma. Mwaka 1912 tume ya makardinali iliamua, na Papa Pio wa Kumi akaidhinisha, kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kudai daraja kabla askofu hajamchagua kwa hiari. Kwamba mvuto wa ndani si sharti la lazima. Na kwamba kinachotakiwa kwa kijana ni nia njema pamoja na ufaafu wa tabia, elimu na mwenendo.

Uamuzi huo unaweza kuonekana mkavu, kama kwamba umeuondoa moto ukabakisha jiko. Lakini una huruma yake. Kijana asiyewahi kuota ndoto wala kububujikwa na machozi haambiwi kwamba Mungu amempita. Na kijana anayewaka haambiwi kwamba kuwaka kwake kumemaliza maneno. Wote wawili hupunguziwa mzigo wa kuwa mashahidi na mahakimu wa nafsi zao.

Hata hivyo nia njema yenyewe imo moyoni, na askofu haoni moyoni. Ndipo anapohitajiwa Inyasi wa Loyola. Huyu alikuwa askari aliyependa sifa. Tarehe 20 Mei 1521, katika kuitetea Pamplona, mzinga ulimvunja mguu. Alipokuwa kitandani nyumbani kwao alitaka hadithi za mashujaa. Hazikuwapo, akapewa kitabu cha maisha ya Kristo na kingine cha maisha ya watakatifu. Basi akawa anawaza mambo mawili kwa zamu. Mara alijiona akimtumikia bibi mmoja wa ukoo mkubwa, na saa zikapita asijue. Mara alijiona akifuata nyayo za Fransisko na Dominiko. Mawazo yote mawili yalimfurahisha yalipokuwapo. Tofauti ilitokea yalipoondoka: la kwanza lilimwacha mkavu, la pili lilimwacha na furaha iliyodumu. Huo ndio uliokuwa mwanzo wa elimu aliyokuja kuiita upambanuzi wa roho. Hakuihukumu ladha ya jambo likiwa mdomoni. Aliihukumu ile inayobaki baada ya kulimeza.

Akaongeza kanuni nyingine yenye manufaa hata kwa asiye na dini: wakati wa giza la moyo, mtu asibadili alichokiamua wakati wa mwanga. Wala hakuharakisha. Kutoka siku ya mzinga hadi siku aliyopewa upadre, mwaka 1537, ilipita miaka 16.

Msomaji wa pwani hatayaona haya kuwa mageni. Muislamu aliyekabiliwa na jambo zito huswali rakaa mbili za istikhara, akamuomba Mola amchagulie lenye kheri, na wanavyuoni humhimiza afanye pia mashauri na wenye busara. Moyo huombewa, na watu huulizwa. Dini hizi mbili zina mambo mengi ya kutofautiana, lakini zote mbili zimeuona udhaifu uleule wa mwanadamu anayejiamulia peke yake.

Kuna kosa jingine ambalo wapenzi wa mashairi watalitambua upesi: kudhani kwamba ukubwa wa kinachoachwa ni ushahidi wa wito. Gerard Manley Hopkins, Muingereza aliyezaliwa mwaka 1844, alijiunga na Kanisa Katoliki mwaka 1866. Tarehe 11 Mei 1868, alipokwisha kuazimia kuwa mtawa, aliyachoma moto mashairi yake, na mwezi Septemba akaingia unovisi wa Wajesuiti. Hakuna aliyemtaka ayachome. Aliona tu kwamba ushairi hauendani na maisha aliyoyachagua, akajifunga asiandike tena mpaka wakuu wake watake. Akanyamaza miaka saba. Mwezi Desemba 1875 meli iitwayo Deutschland ilikwama kwenye mchanga karibu na mlango wa mto Thames, na miongoni mwa waliokufa walikuwamo watawa watano wa Kifransisko waliofukuzwa Ujerumani kwa sheria za wakati ule. Mkuu wa nyumba alimokuwa akisoma Hopkins alisema angependa mtu aandike shairi juu ya msiba ule. Neno hilo moja lilitosha. Shairi alilolitunga lilikataliwa na jarida la Wajesuiti wenzake, naye akafa mwaka 1889 bila ya kuwa na diwani. Diwani ilitoka mwaka 1918 kwa juhudi za rafiki yake Robert Bridges. Leo anahesabiwa miongoni mwa washairi wakubwa wa Kiingereza. Moto ule wa mwaka 1868 ulikuwa wa mtu mkweli, lakini alikuwa akijibu swali ambalo hakuulizwa. Alihitaji mtu mwingine amwambie kwamba kipaji hakikuwa kikwazo.

Lakini itakuwaje iwapo huyo mtu mwingine ni dhalimu? Hapa ndipo hoja nzima inapojaribiwa. Augustus Tolton alizaliwa utumwani katika jimbo la Missouri, Marekani, mwaka 1854. Mama yake alitoroka naye pamoja na nduguze, wakavuka mto Mississippi wakafika Illinois. Kijana alitaka kuwa padre, na mapadre waliomjua walimshuhudia kwamba anafaa. Seminari za Marekani zilimkataa kwa sababu ya rangi yake. Mwaka 1880 alipelekwa kusoma Roma, na huko, tarehe 24 Aprili 1886, akapewa daraja. Alikuwa amejiandaa kutumwa Afrika. Akarudishwa kulekule alikokataliwa. Alifariki Chicago mwaka 1897, akiwa na umri wa miaka 43.

Kisa cha Tolton hakimpi kila aliyekataliwa haki ya kusema kwamba ameonewa. Kinaonyesha kwamba mlango uliofungwa haukutoa hukumu juu ya wito wake, kwa kuwa waliokuwa nyuma yake hawakumpima kamwe. Eli alimsikiliza kijana mara tatu. Hawa walitazama ngozi wakamaliza. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inakataza katika kanuni ya 1026 mambo mawili kwa pamoja: kumlazimisha mtu kwa namna yoyote apokee daraja, na kumzuia anayestahiki. Agustino na Tolton wanakutana katika kanuni moja, kila mmoja akiwa upande wake.

Sheria hiyohiyo imeweka nafasi ile inayodokezwa na methali. Unovisi, yaani mwaka wa kujaribiwa kwa anayetaka utawa, hautimii kabla ya miezi 12. Nadhiri za kwanza ni za muda, kwa kawaida miaka mitatu hadi sita, kabla ya nadhiri za daima. Upadre hautolewi kabla ya umri wa miaka 25. Katika muda wote huo mtawa asiyefunga nadhiri za daima ana njia ya kuondoka, na wakuu wake wana njia ya kumwambia aondoke. Kuingia humo kumewekwa kuwa ni kwenda kusikiliza.

Lakini mitaani na vijijini hali haiko hivyo. Frateri akirudi nyumbani na sanduku lake, jamaa waliomchangia nauli huona wamedhulumiwa. Mama aliyekwisha kuitwa mama wa padre hujifungia ndani. Watu huuliza amefukuzwa kwa kosa gani, maana haiwaingii akilini kwamba mtu anaweza kuondoka bila ya kosa. Yeye mwenyewe, baada ya miezi michache, huanza kuamini kwamba kosa lipo.

Matokeo ya aibu hiyo huwafika wengi. Kijana mwenzake, aliyebaki seminarini akijua moyoni kwamba neno lile si lake, humwona huyu alivyopokewa, akaamua kunyamaza. Atapewa daraja. Ataahidi maisha mazima kwa kuogopa maneno ya kibarazani, kisha waumini watakaokabidhiwa kwake wataishi miaka na mtu asiyekuwapo pale alipo. Huyu hakuitika wito. Aliuogopa mlango wa kurudia.

Aliyerudi, kama alikwenda kwa nia njema na akajipima kwa ukweli, ameitimiza methali kwa ukamilifu wake. Aliitwa, akaenda. Alikaa miaka akisikiliza. Aliposikia vyema alielewa kwamba lile neno halikuwa lake, au wenye kulijua walimwambia hivyo kwa haki, naye akakubali. Wito alioupokea ulikuwa wa kwenda kusikia, na aliuheshimu. Hata alichojifunza huko hakikupotea: amejua kuuhoji moyo wake, na mtu wa namna hiyo huwa mume, mwalimu au jirani wa kutegemewa.

Linalobaki ni adabu ya wanaompokea. Asubuhi ile katika hekalu la Shilo, Eli hakumuuliza Samweli amepewa cheo gani. Alimuuliza ameambiwa nini.