Deni la Elimu ni Amana

Ndugu msomaji, bei ya mazao ikianguka hapa Maramba, mzazi huwaza kuuza shamba ili mwanawe aende chuoni. Asifanye haraka. Sheria ya mwaka 2004 iliunda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, nayo ikaanza kazi mwaka 2005. Lakini mkopo si zawadi: mwaka 2016 makato yaliwekwa kuwa asilimia 15 ya mshahara.

Kurani Tukufu, katika Sura Al-Baqara, imeamrisha deni liandikwe. Basi kijana, kabla ya kutia sahihi, andika ada, chakula na nauli. Nawe ukiajiriwa, lipa. Kwani shilingi unayoizuia ni haki ya yatima anayengoja nyuma yako. Mwenyezi Mungu atujalie uaminifu. Amin.